Ukoo wa Ng'ombe Ndani ya Faili Moja

Mimi niliishia darasa la saba. Nalisema mwanzoni kabisa ili aliyesoma sana ajue anasoma kazi ya nani. Shule yenyewe ilikuwa upande wa Kidete, na tulikuwa tunatoroka hesabu kwenda kuangalia treni ikipita kando ya mto Mkondoa. Baada ya hapo sikukaa mbele ya mwalimu tena. Redio nilijifunza kwa kuzibomoa. Simu nilijifunza kwa kuziharibu, mbili za kwangu na moja ya mjomba, ambaye mpaka leo anaikumbushia kila tukikutana msibani. Kompyuta yangu ya kwanza niliichukua ikiwa imekufa, nikaifufua, na ilipofufuka nikaanza kuichokonoa nione yenyewe inafanyaje kazi. Leo hii ukisimama Mikumi pale barabara kuu, malori yanapoegesha, ukauliza yuko wapi fundi anayeandika programu, utaletwa kwangu hadi mlangoni. Hakuna mwingine. Kama yupo, amejificha vizuri.

Kiingereza changu nimekiokota humo humo. Siwezi kumwomba mgeni wa mbugani maji ya kunywa, lakini maneno yote ambayo kompyuta humtukana nayo mtu aliyekosea ninayajua kwa moyo.

Basi mtu kama mimi, aliyejitengeneza mwenyewe kutoka kwenye bisibisi moja, nilikuja kufedheheshwa Kilosa mchana kweupe na kundi la ng'ombe. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na bado linanikera, ndiyo maana ninaliandika.

Nina rafiki mfugaji, Mmasai, mtu wa umri wangu. Boma lake liko kwenye mbuga za kati ya Mikumi na Kilosa, mwendo wa pikipiki wa saa nzima na ushee kutoka dukani kwangu. Tulijuana kwa sababu ya redio yake ambayo mafundi wawili walishamwambia aitupe. Niliitengeneza, na malipo nikakataa kwa sababu furaha ya kuwashinda wale wawili ilinitosha. Mwezi uliofuata akaja na kondoo jike amemkumbatia kifuani kama mtoto. Kwao ukishapokea kondoo kwa mtu, mnaacha kuitana majina. Yeye ananiita Paker na mimi namwita Paker, yaani watu wa kondoo mmoja. Ndugu zangu wakulima wa Kilangali walinicheka, wakasema nimejiuza kwa mkia wa kondoo. Niliwajibu kwamba wao hakuna aliyewahi kuwapa hata kuku.

Mwaka ninaousimulia, rafiki yangu alikuwa na shida kubwa. Ndama wake walikuwa wanazaliwa wadogo, wengine miguu ya nyuma haishiki, wanakaa siku tatu nne wanakufa. Dume wake alikuwa mmoja tu na alikuwa amezeeka zizini, kiasi kwamba sasa alikuwa anapanda binti zake na binti za binti zake. Afisa mifugo wa Kilosa alipanga siku ya kubadilishana madume kati ya vikundi vinne vya wafugaji. Kila kikundi kilete dume wake, na kila dume aende kwenye zizi ambalo hana damu nalo. Jambo hilo lilishafanywa mara moja kwa maneno ya mdomo, na madume wawili wakaishia kurudishwa kwa dada zao. Safari hii afisa alisema anataka ukoo wa ng'ombe uwe umeandikwa.

Kwa rafiki yangu hapakuwa na nafasi ya kukosea. Ukipewa dume unakaa naye miaka mitatu ndipo zamu nyingine ifike. Miaka mitatu mingine ya ndama wasiosimama, na zizi lingebaki matope matupu.

Alipokuja kuniuliza kama ninaweza kumwandikia, nilimwambia siku mbili.

Hapa inabidi nieleze kazi yenyewe, kwa ufupi. Watu hupenda kusema mti wa ukoo, lakini ukoo wa ng'ombe sio mti. Matawi ya mti hayarudi kukutana. Ng'ombe ana mama, ana baba, na baba huyohuyo anaweza akawa babu pia. Ni wavu. Kwenye kompyuta unauchora kwa nukta na mishale: kila ng'ombe nukta, na kila uzazi mshale kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Tunaoandika programu hatuanzi kila kitu upya. Wapo watu huko duniani wameshaandika vipande vya kazi na kuviachia wengine wavitumie, na kifurushi cha vipande hivyo tunakiita maktaba. Ipo maktaba ya kazi za nyavu za namna hii. Unaiambia nukta, unaiambia mshale, halafu unaiuliza: kutoka kwa huyu hadi kwa yule kuna njia? Inakujibu kabla hujafunga mdomo. Sehemu hiyo ni tamu sana.

Uchungu uko kwenye kuhifadhi. Wavu ukiwa ndani ya kompyuta inayowaka ni wavu. Faili si wavu. Faili ni herufi zilizopangwa foleni, ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo wavu lazima uufumue uwe uzi mmoja mrefu, na uufumue kwa namna ambayo atakayepokea uzi ataweza kuufuma tena wavu uleule. Waliokata na kusokota katani hapa Kilosa wangeielewa kazi hii kuliko vijana wengi wenye vyeti. Na ile maktaba, badala ya kukupa njia moja ya kufumua, inakupa rundo. Hii ya miti tu. Hii ya jozi jozi. Hii ya mabano, hii ya alama, hii ya namba. Kila mtu aliyepita huko ameacha ya kwake, na hakuna aliyeandika kwa lugha ya kueleweka ni ipi inapoteza nini.

Siku ya kwanza rafiki yangu alikuja dukani na mkewe. Nilimwekea mama yule stuli mlangoni na soda ya baridi. Rafiki yangu akaanza kutaja ng'ombe wake, fulani mama yake fulani, baba yake lile dume, nami ninapiga vitufe kwa kasi, maana nilitaka wote wawili waone. Kuna wakati mkewe alifungua mdomo kusema kitu. Nilimwambia, "Shemeji, wewe pumzika, hii ni kazi ya kompyuta." Akaendelea na soda yake.

Tulipomaliza, kwenye kioo zilikuwepo nukta kumi na moja. Rafiki yangu alikuwa ametaja ng'ombe zaidi ya arobaini. Na kila nukta ilikuwa na kijipete pembeni, kama hereni. Nilimweleza kwamba programu imebana nafasi, na kwamba vile vipete ni mapambo. Niliyasema hayo bila kupepesa jicho, na mwenyewe niliyaamini.

Halafu nikaamuru ihifadhi. Maktaba ikakataa, ikaniandikia kwamba huu sio mti. Nikaona dharau. Nani amekuambia ni mti? Nikaamua kuandika ya kwangu mwenyewe, kazi ya mistari tisa, safi kabisa: andika jina la ng'ombe, kisha nenda kwa watoto wake, kwa kila mtoto fanya hivyohivyo, hadi utakapofika kwa asiye na mtoto. Nikaiwasha. Feni ya kompyuta ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa mpunga. Nikawaaga wageni, nikaenda kunywa chai kwa mama wa maandazi, nikarudi, bado inalia. Kufika mchana kompyuta ikasema diski imejaa. Ng'ombe arobaini wamejaza diski ambayo ilikuwa inabeba picha za harusi za nusu ya Mikumi.

Siku ya pili niliitafuta kasoro kila mahali isipokuwa mahali ilipokuwa. Nilisema ni kirusi, nikaisafisha kompyuta yote. Nilisema ni umeme. Nilisema ni wale walioandika maktaba, nikawasema vibaya mbele ya wateja ambao hawakujua ninamsema nani. Nilifuta, nikaweka upya, nikawasha, feni ikalia, diski ikajaa. Dereva mmoja aliyeleta simu yake akaniuliza kama ninapika kitu humo ndani.

Siku ya tatu ndipo nilipofikiri kulifungua lile faili na kusoma mwanzo wake kwa macho. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, lakini nani anayesoma faili? Lilikuwa limeandikwa jina moja la ng'ombe. Kwa Kiswahili jina hilo ni kama kusema Aliyekuja na Mvua. Aliyekuja na Mvua, mtoto wake Aliyekuja na Mvua, mtoto wake Aliyekuja na Mvua, na hivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka diski ilipoishiwa pumzi.

Nilimpigia rafiki yangu simu, akaja kesho yake asubuhi.

"Paker," nikamwambia, "huyu ng'ombe wako amejizaa mwenyewe?"

Akanisoma usoni aone kama natania. Halafu akacheka hadi akashika meza.

"Sasa mtoto wake aitwe nani?" akaniuliza. "Jina ni la nyumba. Mama akiwa Aliyekuja na Mvua, binti ni Aliyekuja na Mvua."

"Na mjukuu?"

"Huyohuyo. Utajuaje alikotoka ukimpa jina jingine?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema sikuuliza. Nilimwambia ataje majina, akataja majina, na kwa mbwembwe nilizokuwa nazo hakutaka kunikatiza.

Hapo ndipo nilipoelewa vile vipete. Kompyuta inamtambua ng'ombe kwa jina. Nimewapa jina lilelile mama, binti na mjukuu, basi kwake wote ni nukta moja, na mshale wa uzazi unatoka kwenye nukta na kurudi hapohapo. Kipete sio pambo. Ni ng'ombe aliyejizaa. Na programu yangu ya mistari tisa ilikuwa inatii: imeambiwa iende kwa mtoto, inaenda, inamkuta mama, inaenda tena. Ingeenda hadi kiama.

Dawa yake ilikuwa rahisi: kila ng'ombe apewe namba yake, jina na rangi vikae pembeni. Nikamwambia rafiki yangu twende moja moja, Aliyekuja na Mvua wa kwanza ni yupi, wa pili yupi. Alikwenda vizuri vizazi viwili, kisha akaanza kukuna kidevu. Madume aliwajua wote, tangu enzi za baba yake. Lakini jike gani katoka kwa jike gani, hapo alisitasita.

"Hayo muulize shemeji yako," akasema. "Yeye ndiye anayekamua."

Nikakumbuka ile stuli na ile soda.

Nilikwenda bomani asubuhi ya kukamua, na daftari, kwa kuwa kompyuta yangu ni ya mezani haisafiri. Nilimwamkia vizuri sana. Akaniuliza kama leo sio kazi ya kompyuta. Nikasema ni kazi yake. Akaniambia basi nimfuate, na nisisimame nyuma ya yule mweupe.

Mama yule hakuhesabu ng'ombe, aliwapita. Anakamua, anasema, anainuka na kibuyu chake, anahamia kwa mwingine. Huyu mweusi mwenye nyota alizaliwa mwaka mto ulipohamisha njia ya mifugo. Mama yake ni yule mwenye titi moja bovu, na mama wa huyo ndiye aliyeuawa na radi. Huyu hapa na huyu pale ni dada kwa baba, si kwa mama. Ndama akinyonya anajulikana ametoka kwa nani, na anayewaachia ndama wanyonye ni yeye, si mumewe. Alinitajia pia waliotoka zizini. Miaka ya nyuma mumewe alimpa rafiki yake wa kikundi kingine mtamba mwekundu, jike asiyezaa bado, wa nyumba ya Aliyekuja na Mvua, na mtamba yule huko alikokwenda alizaa dume, mwekundu kama yeye, na dume huyo sasa ni mkubwa. Yote nikaandika. Walifika sitini na watatu.

Nilipofunga daftari akaniambia, "Nisomee."

Nikamwambia shemeji, jua limeshapanda, nitakusomea siku nyingine.

Dukani niliingiza wote sitini na watatu, kila mmoja na namba yake, na pembeni jina, rangi na zizi alipo. Wavu ukatokea kwenye kioo, mpana, mzuri, hauna kipete hata kimoja. Nikamweka kwenye swali yule dume mwekundu dhidi ya ng'ombe wa rafiki yangu, programu ikajibu njia ipo. Ni damu yao. Sawa. Sasa kuhifadhi. Safari hii nilimeza kiburi nikatumia njia ya maktaba yenyewe, ile nyepesi kuliko zote, ya jozi: kila mstari namba mbili, mzazi kisha mtoto. Ikamaliza kabla sijakohoa. Nikatazama kioo, wavu wote upo, majina yapo, rangi zipo. Nikahamishia faili na programu yake kwenye flashi, nikazima kompyuta, nikafunga duka, ufunguo mfukoni. Daftari nililiacha mezani. La nini, wakati ninalo faili?

Nitasema hapa kosa langu lilikuwa wapi, maana kipindi kile sikulijua. Nilichokuwa ninakitazama kwenye kioo kilikuwa kile kilichomo kichwani mwa kompyuta. Faili lenyewe sikulifungua kulisoma. Nilikuwa kama mtu aliyemwagiza mwenzie ujumbe, halafu akajiridhisha kwa kuukumbuka yeye mwenyewe.

Kilosa tulifika mapema, rafiki yangu, mkewe na mimi. Madume wanne walikuwa wamefungiwa kwenye zizi la mbao karibu na uwanja wa mnada, na afisa mifugo alikuwa ameweka meza chini ya turubai na kompyuta yake juu yake. Ni binti wa umri wa mwanangu, ana digrii, na adabu anayo. Alisema shikamoo baba, nikaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika. Vikundi vingine vitatu vilikuja na madaftari. Mimi peke yangu nilikuja na faili, na nilihakikisha kila aliyekuwepo amelijua hilo. Walikuwepo hata madereva wawili wa Mikumi wanaonifahamu.

Afisa akachomeka flashi, akafungua. Kwenye kompyuta yake wavu ukatokea kama ulivyokuwa dukani, mishale yote mahali pake. Lakini juu ya nukta hapakuwa na jina, wala rangi, wala zizi. Namba tu. Ile njia nyepesi ya jozi ilikuwa imehifadhi jozi, kama jina lake, na kila kilichokaa pembeni ya namba ikakiacha Mikumi.

"Baba," akaniuliza kwa upole, "dume mwekundu ni namba ngapi?"

Watu walikuwa wamesogea. Mara zote nilizowahi kusema sijui, nilikuwa peke yangu. Nilijua yule dume nilimwandika karibu na mwisho wa ukurasa mmoja. Ishirini na nne? Arobaini na mbili?

"Arobaini na mbili," nikasema.

Akaandika, akauliza. Kompyuta ikajibu kwamba kati ya arobaini na mbili na ng'ombe wa rafiki yangu hakuna njia. Nilikuja kujua baadaye kwamba arobaini na mbili ni mtamba aliyenunuliwa mnadani, hana ndugu bomani. Dukani jibu lilikuwa njia ipo, na nililikumbuka, lakini kulisema mbele ya watu wale kulinishinda. Afisa akatangaza kwamba dume mwekundu hana damu na zizi hili, na kwa kuwa taarifa zetu zimekamilika kuliko za wengine, tutachagua wa kwanza. Dume yule alikuwa mzuri, mgongo kama benchi. Rafiki yangu macho yalimwaka. Yeye mwenyewe alikuwa hamtambui, maana alimtoa mama yake akiwa mtamba na hakuwahi kumwona mtoto. Wakaanza kumsogeza kwenye lori.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye uzio, peke yake, anamwangalia yule dume. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba huyo ni wa nyumba ya Aliyekuja na Mvua.

Afisa akamjibu kwa heshima, "Mama, kompyuta imeonyesha hakuna undugu."

Mama yule hakumtazama afisa. Alinitazama mimi.

"Shemeji, huyu nilikutajia. Nisomee."

Nimewahi kupigwa na umeme wa redio za zamani mara nyingi, na nasema kwamba lile neno lilinipita mwilini kuliko umeme. Dume alikuwa ameshaweka miguu ya mbele kwenye ubao wa lori. Nikafikiria wale madereva wawili na hadithi watakayokwenda nayo Mikumi. Nikafikiria kusema kwamba wanawake huchanganya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, naapa. Halafu nikamwona rafiki yangu anatabasamu, anampiga dume kofi la kiuno kumsukuma apande, na nikaona ndama wake wa miaka mitatu ijayo wamelala pale wanashindwa kusimama.

"Mshusheni," nikasema. "Faili halina majina. Ile namba nimeibuni."

Mtu wa kikundi kingine akacheka kwa pua. Afisa hakucheka. Aliniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akamwita mama yule mezani, akamwekea kiti, akaandika kwa mkono kila alichosema, ukurasa mzima na nusu. Halafu akasema kwamba kwa kuwa taarifa zetu zilikuja na kasoro, zamu yetu itakuwa ya mwisho.

Tukaachiwa mabaki. Dume wa kijivu, mwembamba, pembe moja imelala kuelekea jicho. Shemeji alimzunguka mara mbili, akauliza maswali kwa waliomleta, akasema huyu hatumjui kabisa, anafaa.

Tulirudi kwa lori lililombeba dume, mimi na rafiki yangu na mkewe, hadi njia panda ya kwao. Rafiki yangu aliposhuka alisema, "Haya, fundi, asante." Fundi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniita fundi, hata siku ya redio.

Nilirudi dukani nikaifumua kazi yote upya. Nilizipitia njia zote za maktaba, moja moja, nikihifadhi, nikizima kompyuta kabisa, nikiwasha, nikifungua faili lenyewe nione limerudi na nini. Nyingine ilirudisha majina ikapoteza rangi. Nyingine iligeuza namba zikawa maneno, na namba saba haikujua tena kuwa ni saba. Ilinichukua wiki mbili, mimi niliyesema siku mbili. Niliyoichagua ni ndefu, ina mabano mengi kuliko inavyostahili, lakini kinachoingia ndicho kinachotoka. Wale madereva bado wananiuliza arobaini na mbili hajambo.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, nililichapisha faili lile kwenye karatasi nikalipeleka bomani. Nilikwenda kwa shingo upande, kusema kweli. Shemeji alikuwa anakamua. Nikasimama pembeni yake nikaanza kusoma kwa sauti, namba moja, jina, rangi, mama yake nani, baba yake nani. Alinisahihisha mara nne. Namba kumi na tisa nilikuwa nimemwandika mweusi na ni wa kahawia iliyokolea, na hapo nilibishana kidogo, akaniambia nimsogelee niangalie mwenyewe. Nikaangalia. Ni kahawia.

Kwenye zizi dogo kulikuwa na ndama wapya watano wa yule dume wa pembe iliyolala. Wabaya wa sura, kijivu kama majivu, lakini wamesimama kwa miguu yote minne na wanasukumana. Rafiki yangu alikuja akiwa na fimbo yake mabegani, akasimama akiwaangalia. Kisha akaelekeza fimbo kwa yule jike mdogo kabisa.

"Paker," akasema, "huyo umeshamwandika?"

Nikachomoa kalamu. Namba sitini na nne. Nikauliza jina, na mara nikajilaumu kwa kuuliza, kwa sababu wote wawili walinitazama kama mtu asiyefundishika. Nikaandika Aliyekuja na Mvua.

"Sasa soma," shemeji akasema, anahamisha kibuyu. "Anza mwanzo."

Nikamwambia nimetoka kusoma sasa hivi, wote sitini na watatu, na jua hili. Akaendelea kukamua tu. Nikarudi ukurasa wa kwanza, namba moja.